Matangazo ya ajabu katika magazeti ya zamani: jiwe la Shinkolobwe lilivyouzwa kama maji ya nguvu na mafuta ya uso

LIKASI. Wiki hii siwaletei habari ya barabara wala ya maji ya bomba. Nawaletea habari za magazeti yaliyochapwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, tena yaliyochapwa mbali, kule New York na Paris. Hata hivyo zinatuhusu sisi wakaaji wa Likasi pengine kuliko watu wa miji hiyo, na mtaona sababu.

Maktaba kubwa za Bulaya na Marekani zimepiga picha magazeti yao ya zamani na kuyaweka kwenye intaneti, na mengi mtu anaweza kuyafungua bure. Usiku umeme unaporudi, mimi huyapitia. Sisomi sana habari za ukurasa wa kwanza, za wafalme na mawaziri. Nasoma matangazo ya pembeni: dawa za upara, mikanda ya umeme ya kuponya mgongo, vidonge vya kunenepesha wanawake wembamba. Tangazo lina ukweli wake ambao habari kubwa hazina. Linaonyesha watu walitamani nini, waliogopa nini, na walikuwa tayari kutoa pesa ngapi.

Ndipo nikakutana na Radithor.

Radithor ilikuwa chupa ndogo ya maji, kiasi cha kijiko kimoja kikubwa cha chakula. Iliuzwa Marekani kuanzia 1925, dola moja kwa chupa, na dola moja wakati ule ilikuwa pesa ya kweli. Muuzaji aliiita "mwanga wa jua usiokwisha" na "dawa ya wafu walio hai", maana yake watu waliochoka, wasio na hamu ya kazi wala ya ndoa. Kwenye lebo iliandikwa kwamba ni maji yenye mionzi, na kwamba jambo hilo limethibitishwa. Na kweli yalikuwa na mionzi. Ndani yake mliyeyushwa radiumu.

Mwenye biashara, William Bailey, alijiita daktari na hakuwa daktari. Lakini kwa jambo moja hakudanganya mtu. Alitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa yeyote atakayethibitisha kwamba chupa zake hazina radiumu ya kiasi alichoandika. Zawadi ile ilibaki mfukoni mwake. Mpaka 1930 alikuwa ameuza chupa zaidi ya 400,000.

Sasa tujiulize: radiumu ile ilitoka wapi?

Tangazo halisemi. Nimesoma matangazo mengi ya aina hii, ya Kiingereza na ya Kifaransa, na yote yanasema juu ya sayansi, afya, Madame Curie na nguvu za atomu. Hakuna hata moja linalosema juu ya shimo. Lakini jibu linajulikana na kila mwanahistoria wa migodi: katika miaka ile ya 1920, sehemu kubwa ya radiumu iliyouzwa duniani ilitoka katika shimo moja, na shimo hilo liko kilomita 20 hivi magharibi ya mji wetu. Ni Shinkolobwe.

Wazee wanaijua hadithi hii kwa upande wa bomu. Kwa upande wa dawa na mafuta ya uso, wachache wanaijua. Basi turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1915 Mwingereza mmoja, Robert Sharp, aliyekuwa akitafuta shaba katika eneo letu, aliona pale Shinkolobwe mawe ya rangi isiyokuwa ya shaba. Yalikuwa na urani. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vinaendelea na Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wadachi, kwa hiyo jambo lile liliwekwa kimya. Mwaka 1921 Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuchimba. Mawe yalichaguliwa kwa mkono, yakatiwa katika magunia, yakapakiwa kwenye treni, kisha kwenye meli mpaka Antwerp. Karibu na hapo, katika kijiji cha Olen, kampuni ilijenga kiwanda, na mwisho wa 1922 gramu ya kwanza ya radiumu ilikuwa tayari.

Gramu moja! Msicheke. Radiumu si kitu cha kupima kwa kilo. Ni kitu kinachozaliwa polepole ndani ya urani, na katika tani tatu hivi za urani safi unapata gramu moja tu. Wakati ule ikitolewa katika mawe ya Colorado, kule Marekani, mawe hafifu sana, ilibidi kusaga mamia ya tani. Mawe mazuri kabisa ya Shinkolobwe yalikuwa na urani zaidi ya nusu ya uzito wake, na tani kumi hivi zilitosha. Bei ya gramu ilikuwa imepita dola 100,000. Wabelgiji wakaishusha mpaka 70,000, na migodi ya Colorado ikafunga moja baada ya nyingine. Hivyo ndivyo Bruxelles ilivyoshika soko la radiumu la dunia nzima, kwa mawe yaliyotoka nyuma ya nyumba zetu.

Kampuni yenyewe ilitangaza bidhaa yake katika majarida ya madaktari kwa jina la Radium Belge, yaani "radiumu ya Kibelgiji". Nawaomba mlipime jina hilo. Jiwe halijawahi kuwa la Kibelgiji hata siku moja. Katika matangazo hayo jina la Haut-Katanga lipo, lakini lipo ndani ya jina la kampuni, kama vile jina la kijiji linavyobaki ndani ya jina la ukoo wa watu waliohama zamani.

Nisiwe mkali kupita haki. Sindano na mirija ya radiumu iliyouzwa kwa hospitali iliponya watu. Kansa ya kizazi ya wanawake, kwa mfano, ilitibiwa kwa radiumu kwa miaka mingi, na wako waliopona. Na kuna habari moja ya magazeti ya Marekani ambayo mimi naipenda. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga dola 100,000 wakanunua gramu moja kumpa Marie Curie, aliyeigundua radiumu pamoja na mume wake lakini hakuwa na pesa ya kuinunua. Gramu ile ilitoka Colorado, kwa tani 500 hivi za mawe. Miaka minane baadaye wakachanga tena, safari hii kwa ajili ya hospitali ya Warsaw, mji alikozaliwa. Rais Hoover alimkabidhi hundi ya dola 50,000 tarehe 30 Oktoba 1929, siku moja tu baada ya soko la hisa la New York kuanguka. Gramu hii ya pili ilinunuliwa Ubelgiji. Magazeti yaliandika juu ya rais, juu ya gauni jeusi la yule mama, juu ya urafiki wa mataifa. Kwa njia hiyo jiwe la Shinkolobwe lilifika Poland kutibu wagonjwa, na hakuna aliyetaja lilikotoka.

Lakini turudi kwenye matangazo ya ajabu, maana ndiyo niliyowaahidi.

Paris, miaka ya 1930 mwanzoni: mafuta ya uso ya Tho-Radia. Tangazo lake ni zuri kwa macho, siwezi kukataa. Mwanamke mwenye nywele za dhahabu, uso wake unaangazwa kutoka chini kwa mwanga wa ajabu kama mtu aliyeinamia moto wa usiku. Maneno yanasema hii ni mbinu ya kisayansi ya urembo. Chini kuna jina la Daktari Alfred Curie. Mnunuzi anasema: ah, Curie! Ndiyo wale wale! Hapana. Daktari huyo hakuwa ndugu wa Marie wala wa Pierre, jina tu lilifanana, na jina ndilo lililouza. Ndani ya mafuta mlikuwa na toriumu na radiumu kidogo sana. Palikuwa pia na unga wa uso, sabuni, rangi ya midomo na dawa ya meno. Ufaransa hiyo hiyo iliuza sufu iliyoitwa Oradium, ya kufuma nguo za watoto wachanga, eti itawapa joto lenye afya.

Katika magazeti ya Marekani mnakuta hata siagi yenye jina la Radium. Hiyo haikuwa na radiumu ndani. Vitu vingi vilivyojiita radiumu havikuwa nayo, kwa sababu rahisi: ilikuwa ghali mno. Hapa kuna jambo linalonishangaza kila mara ninapolifikiri. Tumezoea kusema mfanyabiashara mwongo ndiye mbaya. Katika biashara hii ilikuwa kinyume. Mwongo aliuza siagi, na aliyeila hakupata dhara. Bwana Bailey, aliyeweka kila alichoandika kwenye lebo, ndiye aliyeua.

Mtu aliyemuua kwa hakika, mbele ya magazeti yote, ni Eben Byers, tajiri wa Pittsburgh mwenye kiwanda cha chuma, tena bingwa wa golfu wa zamani. Mwaka 1927 alianguka kutoka kitanda cha treni akaumia mkono. Daktari wake akamwandikia Radithor. Alijisikia vizuri sana, akaendelea, akawa anakunywa chupa mbili tatu kwa siku na kuwapa rafiki zake. Inakadiriwa alikunywa chupa 1,400. Mwili wa mtu unaidhania radiumu kuwa chokaa ya mifupa, unaipokea na kuijenga ndani ya mifupa, na pale inakaa ikichoma miaka yote. Meno yalianza kutoka, kisha taya. Mwaka 1931 mwanasheria wa serikali alipoenda kumhoji nyumbani kwake, alimkuta amebaki na meno mawili ya juu na karibu taya lote la chini limeondolewa, na akili yake ikiwa nzima kabisa. Alikufa tarehe 31 Machi 1932. Walimzika katika jeneza lenye risasi. Wanasayansi walipofukua mifupa yake mwaka 1965, ilikuwa bado inatoa mionzi. Itaendelea hivyo, kwa maana radiumu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu.

Kifo chake kilijaa katika magazeti. Alikuwa tajiri. Serikali ilikuwa tayari imeamka, na Radithor ilikuwa imetoka sokoni.

Wasichana walikuwa wamekufa kabla yake, na magazeti yalichukua muda mrefu kuwaona. Hao ni wale waliopaka rangi ya radiumu kwenye nyuso za saa ili zing'ae gizani. Walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo: lamba, chovya, paka. Kesi ya wale wa New Jersey ilipolipuka katika magazeti mwaka 1928, wafanyakazi wa kampuni nyingine, Radium Dial, katika mji mdogo wa Ottawa jimbo la Illinois, waliingiwa na hofu. Kampuni ikafanya nini? Ilinunua nafasi katika gazeti la mji, ikachapa tangazo.

Kati ya matangazo yote niliyoyasoma, hili ndilo lililonizuia usingizi. Halina picha ya mwanamke mrembo. Ni maneno matupu, ya heshima. Kampuni inasema wafanyakazi wake wamepimwa na madaktari na hakuna ugonjwa wa namna ile ulioonekana. Inasema hatari ya New Jersey inatokana na mchanganyiko mwingine, na kwamba wao wanatumia radiumu safi peke yake. Inasema afya ya wafanyakazi ndilo jambo la kwanza katika mawazo ya wakubwa. Wasichana walisoma, wakatulia, wakarudi kazini. Kumbe kampuni ilikuwa imewapima kweli, na vipimo vilionyesha kwamba wengi wao tayari walikuwa na mionzi mwilini. Majibu hayakutolewa kwao. Mmoja wao, Catherine Wolfe Donohue, alishinda kesi yake mwaka 1938, akitoa ushahidi akiwa amelala kwenye kiti kirefu nyumbani kwa kukosa nguvu, na alikufa mwezi wa saba mwaka huo huo.

Nilimwonyesha mzee mmoja jirani yangu picha ya chupa ya Radithor kwenye simu. Ni mtu wa kazi, amezoea maisha ya kampi za Union Minière tangu utoto. Aliiangalia muda mrefu.

"Mwanangu, ile maji walikuwa wanakunywa kweli?"

"Walikunywa, Papa. Dola moja kwa chupa."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na mwenye kuchimba, yeye walimupa ngapi?"

Nikamwambia tangazo halisemi.

Na kweli, hapa ndipo magazeti yananiangusha. Kwa Byers tuna idadi ya chupa. Kwa wasichana wa Ottawa tuna majina, picha, maneno waliyosema mbele ya hakimu. Kwa wale waliochagua mawe kwa mikono pale Shinkolobwe, jiwe lenyewe, si maji yenye chembe yake, mimi sijakuta katika magazeti hayo hata mstari mmoja. Nani angeuandika? Magazeti ya Elisabethville ya wakati ule, kama L'Étoile du Congo na L'Essor du Congo, yalikuwa ya Kifaransa na ya Wazungu. Mwana Shaba, gazeti la kampuni kwa wafanyakazi wake, lilianza 1957 tu, na wakati huo biashara ya maji ya radiumu ilikuwa imezikwa kitambo. Babu zetu walikuwa katika mwanzo wa kila tangazo, lakini hawakuwa na gazeti.

Kisha likaja jambo la kugeuza kila kitu. Mwaka 1930 urani nyingine ilipatikana Kanada, kando ya ziwa la Great Bear, bei ya radiumu ikashuka sana, na kabla ya vita vya pili shimo la Shinkolobwe lilifungwa likajaa maji. Mtu angefikiri hadithi imeisha. Lakini mwezi wa nane 1939 Albert Einstein alitia sahihi barua kwa rais Roosevelt, akamwambia juu ya bomu la namna mpya, na kwamba chanzo kikubwa cha urani ni Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1940 mkuu wa Union Minière, Edgar Sengier, alipeleka tani 1,200 hivi za mawe kutoka hapa, kupitia Lobito, mpaka New York, yakawekwa katika ghala la Staten Island. Yalikaa pale, katika mapipa, karibu miaka miwili. Mwezi wa tisa 1942 jeshi la Marekani liliyanunua, kisha likasaidia kulifungua shimo tena.

Na magazeti? Tarehe 28 Juni 1943 ofisi ya udhibiti ya Marekani iliwaandikia wahariri na watangazaji wa redio barua ya siri. Iliwaomba wasiandike lolote juu ya nguvu za atomu, wala juu ya orodha fulani ya vitu. Urani ilikuwamo. Radiumu pia ilikuwamo. Neno lile lililopigiwa kelele miaka 20 juu ya chupa, sabuni na siagi, sasa halikutakiwa hata kutajwa. Mwaka 1945 mwezi wa nne, Superman mwenyewe alipatwa na udhibiti huo, kwa sababu mchoraji wake alikuwa amemweka mbele ya mashine ya kuvunja atomu. Mchoraji hakujua siri yoyote. Alikuwa anatafuta kitu cha kuchekesha watoto.

Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima iliungua. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi ule ilitoka Shinkolobwe.

Msidhani matangazo yalipata haya. Mwaka mmoja tu baadaye, siku chache baada ya jaribio la bomu kwenye kisiwa cha Bikini, fundi wa nguo wa Paris, Louis Réard, alitoa vazi dogo la kuogelea akalipa jina la kisiwa hicho. Na kitambaa chake, kwa kuwa tunazungumza juu ya magazeti, kilichapwa picha ya kurasa za magazeti. Mwaka 1947 kampuni ya chakula cha asubuhi cha Kix iliwatangazia watoto wa Marekani pete ya bomu la atomiki. Mtoto alituma senti 15 na kipande cha boksi, akaletewa pete yenye bomu dogo. Akiingia gizani na kutazama ndani, aliona cheche. Zilikuwa cheche za kweli za mionzi, si mchezo.

Huku kwetu, wakati huo, kimya. Shinkolobwe ilikuwa na uzio na walinzi. Mwaka 1960, wakati wa uhuru, mashimo ya chini yalizibwa kwa saruji na Wabelgiji wakaondoka na vitabu vyao vya hesabu.

Yaliyofuata mnayajua wenyewe, wengi wenu mliyaona. Gécamines ilipoanguka na mishahara kukosekana, watu walirudi Shinkolobwe na sepetu na magunia, safari hii kutafuta kobalti. Kijiji kikubwa kilizaliwa pale, na baa, na maduka, na watoto. Januari 2004 rais alitia sahihi amri ya kufunga eneo lote. Watu waliendelea kuchimba. Mwezi wa saba mwaka huo shimo lilibomoka, watu wanane wakafa. Baadaye mwaka huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuja na vyombo vyao vya kupima, wakaandika kwamba mahali pale panaweza kubomoka tena, na kwamba mtu anayekaa na kufanya kazi pale siku zote anajiweka katika hatari ya mionzi. Nimeisoma ripoti ile. Ni nzuri. Ilikuja miaka zaidi ya 80 baada ya gunia la kwanza kutoka.

Kuna jambo moja zaidi nililolikuta, na hili si la gazeti la zamani. Ni la mwaka huu. Shinkolobwe imerudi katika matangazo. Wako wakusanyaji wa mawe duniani, na wauzaji wao wana maduka kwenye intaneti. Wanauza vipande vya Shinkolobwe, vingine vidogo kama ukucha, vya manjano, vya kijani, vya rangi ya chungwa, ndani ya visanduku vya plastiki. Mawe mengine yaligunduliwa kwa mara ya kwanza duniani pale pale, na wanasayansi wakayapa majina: curite, becquerelite, sklodowskite kwa ajili ya Marie Curie ambaye jina lake la utoto lilikuwa Sklodowska, na sharpite kwa ajili ya yule Robert Sharp. Liko hata jiwe la buluu liitwalo likasite, lililoelezwa mwaka 1955 kutoka mgodi wa Likasi mjini kwetu, nalo halina urani.

Katika matangazo haya mapya mahali panaandikwa vizuri kabisa: Shinkolobwe, Haut-Katanga, Kongo. Hakuna herufi iliyokosewa. Na wauzaji wengi wanaongeza onyo chini ya picha. Usiliweke jiwe hili katika chumba cha kulala. Usilipe mtoto kulichezea. Nawa mikono baada ya kulishika.